Njia ya Kwenda kwa Bibi Maua

Jerusha hakujua kukaa. Wenzake katika nyumba ya wazee kule Seven Hills, Sydney, walimtania kwamba viti vya chumba cha mapumziko havimfahamu. Chai aliinywa amesimama. Kwenye treni ya kutoka St Marys, hata behewa likiwa tupu, alijibandika mlangoni kama mtu anayeogopa kupitishwa kituo chake. Alikuwa nesi wa miaka thelathini na kitu, mtoto wa kwanza wa baba Mjaluo na mama Mkamba waliooana Nakuru na kulea watoto kwa Kiswahili, kwa sababu hakuna kati yao aliyekubali kushindwa na lugha ya mwenzake.

Verdiane, Mrundi aliyekulia kambini Kigoma na ambaye walipangwa shifti pamoja mara nyingi, alimwuliza siku moja, "Dada, nani anakufukuza?"

"Hakuna."

"Basi simama kidogo tukuone sura."

Kama kuna mahali palipomfundisha mwendo ule, ni Mysuru. Alipelekwa huko akiwa msichana wa miaka kumi na tisa kusomea ufamasia, kabla Australia haijamgeuza nesi. Kwa kipimo cha India mji huo si mkubwa. Uko kusini, juu ya uwanda wenye hewa ya kuvumilika, na pembeni yake umesimama mlima mmoja, Chamundi, wenye hekalu kileleni na ngazi za mawe za kukutoa roho. Chini ya mlima kuna kasri la wafalme wa zamani. Husemwa kwamba lile la kwanza lilikuwa la mbao na liliungua wakati wa harusi, wakajenga jingine la mawe, na siku za Jumapili jioni linawashwa taa nyingi kiasi kwamba mwanafunzi mwenye balbu moja chumbani anaona kama anasutwa. Kuna soko la maua na ndizi na vichuguu vya poda za rangi. Kuna minara miwili ya saa. Kuna ziwa kando ya chuo kikuu, na kuna kanisa kuu lenye minara miwili iliyochongoka, ambamo Jerusha aliimba Krismasi yake ya kwanza ugenini huku machozi yakimchuruzika.

Ila majina halisi ya mahali hapo hakuna mwanafunzi wa Afrika Mashariki aliyeyatumia. Ziwa waliliita Naivasha, kwa kuwa lina ndege mwari kama la kwetu. Kanisa kuu lilikuwa Kanisa la Pembe. Stendi ya mabasi ilikuwa Machakos, kama ile ya Nairobi. Yule fahali mkubwa wa jiwe jeusi aliyelala katikati ya kupanda mlima, ambaye wenyeji humvika mashada, wao walimwita Dume, na wakikutana kwa mazoezi walisema, "Tuonane kwa Dume." Minara ya saa ilikuwa Saa Kubwa na Saa Ndogo, na hayo ndiyo majina pekee yaliyolingana na ya wenyeji, kwa bahati tu.

Nyumba waliyopanga ilikuwa kwa Bibi Maua. Mwenye nyumba alikuwa bibi mfupi aliyeshinda barazani akitunga asumini kwenye uzi, na vyumba vyake havikuwahi kutangazwa. Vilirithishwa. Anayemaliza masomo humleta anayefuata. Mgeni hupokelewa stesheni na mkubwa wake, hukokotewa sanduku, huzungushwa vichochoro hadi kizunguzungu, kisha huambiwa, "Hapa ndipo kwako." Kwenye makaratasi ya viza kila mtu aliandika anwani ya chuo, kwa kuwa barua za chuo hazipotei. Mhindi wa jirani angewauliza wanaishi mtaa gani, wangecheka na kuonyesha kidole. Bibi Maua alifariki, mwanawe akarithi nyumba, lakini jina halikubadilika. Miaka kumi baada ya Jerusha kuondoka, mdogo wake Omollo alishuka treni Mysuru, akapokelewa na mkubwa wake aitwaye Kariuki, na akarithi chumba kilekile cha nyuma alicholala dada yake.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 2021. Ilipofika Mei, India ilikuwa inateketea kwa Korona. Watu walikuwa wanakufa kwenye foleni za oksijeni, katika magari, katika vyumba vya kupanga, na dunia ilikuwa inatazama kwenye simu kama inavyotazama mpira. Australia nayo, nchi isiyochoka kujisifu kwamba kila mtu hupewa nafasi sawa, ilitangaza kuwa hata raia wake mwenyewe akithubutu kurudi nyumbani akitokea India atatozwa faini au atafungwa jela. Haikusema hivyo Uingereza ilipokuwa inazika. Haikusema hivyo kwa Marekani. Jerusha alisoma habari hiyo amesimama kwenye jukwaa la stesheni, akaisoma tena, na kwa mara ya kwanza akaona aibu ya pasipoti aliyoisubiri kwa miaka. Na hata yeye, ili atoke nje ya nchi, ilimpasa aombe kibali. Mlango ulifungwa kwa komeo pande zote mbili.

Ujumbe wa sauti wa Omollo ulimfikia Alhamisi mchana, akiwa anagawa dawa.

"Siz, usijam. Niko poa. Ni homa tu." Kukawa na pumzi fupi, halafu nyingine, kama mtu anayepanda ngazi. "Wenzangu wote walienda kwao. Mwenye nyumba amesema nisitoke. Simu inazima, hakuna stima. Kifua ndio inabana... kiasi."

Alipiga. Simu ilikuwa imezimwa. Alipiga tena kwenye korido, akapiga ndani ya stoo ya mashuka, akapiga akiwa chooni. Chuo hakikupokea, kwa kuwa kilikuwa kimefungwa. Akampata Kariuki, aliyekuwa amerudi Nairobi tangu Aprili.

"Kariuki, nipe anwani ya Omollo."

"Si yuko kwa Bibi Maua?"

"Najua yuko kwa Bibi Maua! Anwani! Mtaa, namba!"

"Ukitoka Naivasha," alianza taratibu, "unapita Kona ya Maziwa, unaingia kichochoro chenye mbwa..."

"Kariuki!"

"Dada, sote tulikuwa tunaenda kwa miguu tu."

Jerusha alikata simu. Alipata namba ya watu wa kujitolea wa Mysuru, na baada ya kupiga hadi masikio kuwaka, kijana mmoja alipokea, sauti yake imekauka kwa kusema. Oksijeni ipo kidogo, alisema. Gari lipo. Taja anwani, taja alama iliyo jirani. Jerusha akasema karibu na ziwa. Kijana akauliza upande gani wa ziwa, barabara kuu ya ngapi, njia panda ya ngapi. Jerusha akasema kuna kona wanauza maziwa. "Dada yangu," kijana alimwambia kwa upole uliouma kuliko tusi, "huku kila kona wanauza maziwa." Akamwomba apige tena akishajua, maana walikuwapo wengine kwenye laini.

Alifungua ramani kwenye simu. Ziwa aliliona. Pembeni yake kulikuwa na mapaa yaliyobanana kama mahindi gunzini, na mengi yalikuwa mapya. Alikaza macho hadi yakaona ukungu. Alikuwa ameishi pale miaka minne, angeweza kwenda gizani bila kujikwaa, lakini hakuweza kumweleza mtu mwingine njia ya kufika.

Verdiane alimkuta amesimama na trei ya dawa imeinama.

"Weye, utamwaga. Kuna nini?"

Jerusha alimweleza kwa maneno machache.

"Sasa mbona unalia kwangu?" Verdiane akamnyang'anya trei. "Yule mzee wa chumba cha mwisho, yule monsieur wa chai, si ni wa kulekule? Nenda. Dawa hizi nitazigawa mimi."

"Meneja je?"

"Meneja niachie. Nimekula ugali wa kambi miaka kumi na mbili, nitashindwa na meneja?"

Mzee wa chumba cha mwisho aliitwa Nanjundaiah. Alikuwa mhandisi wa reli aliyestaafu, mjane, aliyeletwa Sydney na mtoto wake kisha akaachwa katika nyumba ya wazee kwa heshima zote. Alizaliwa Mysuru, ambayo hadi leo aliitamka Mysore. Jerusha alipomwambia siku ya kwanza kwamba aliwahi kuishi huko, mzee alifurahi hadi akampigia makofi. Furaha iliisha upesi. Kila Jerusha alipotaja kitu, mzee alikataa kwamba kipo. Machakos ipi? Naivasha ipi? Hatimaye alimwambia kwa Kiingereza chake cha shule za kale, "Wewe Sista hukuishi Mysore. Uliishi katika mji mwingine mlioutandika juu yake kama kitambaa cha meza."

Sasa alikuwa na sinia la chakula cha mchana mbele yake, analitazama bila hamu. Jerusha aliingia, akafunga mlango.

"Anko, ndugu yangu anakufa Mysore na siwezi kumwelekeza mtu nyumba ilipo."

Mzee hakuuliza maswali ya bure. Alisukuma sahani ya viazi pembeni, akavuta bakuli la uji wa mchele katikati ya sinia. "Hili ni ziwa. Kukkarahalli. Taja sasa, ukitoka ziwani jua la asubuhi linakupiga wapi?"

"Asubuhi nikienda chuo..." Jerusha alifumba macho, na miguu yake ikaanza kutembea palepale sakafuni. "Linanipiga shavu la kushoto. Nikirudi, geti la chuo kikuu liko nyuma yangu. Navuka barabara kubwa yenye mabasi."

"Barabara ya Hunsur." Mzee akalaza kijiko. "Ukishavuka?"

"Kuna ukuta mrefu wa kitu kilichobomolewa. Tulikuwa tunapaita Magofu."

"Ni studio ya sinema, iliungua." Akaweka kipande cha mkate. "Kwa hiyo umeshaipita au hujaifikia?"

"Sijaifikia. Naingia kushoto. Njia inakuwa nyembamba ghafla. Nyumba zinashikana, kuna mbuzi, kuna hekalu dogo la rangi ya samawati, halafu Kona ya Maziwa. Si duka. Watu wanapanga foleni alfajiri na vyombo vyao, na ng'ombe wenyewe wamefungwa pale pale."

Mzee aliinua uso. Macho yake yalikuwa yamebadilika. "Ng'ombe wenyewe?"

"Ndiyo, Anko. Mjini katikati. Tulikuwa tunacheka."

"Mlikuwa mnacheka kijiji," mzee alisema. "Hapo ni Paduvarahalli. Kilikuwa kijiji kabla babu yangu hajazaliwa. Mji ulikuja ukakizunguka, ukakimeza, ila haukukisaga. Mama yangu alinituma maziwa hapo kila siku na nikayamwaga njiani kila siku. Hata jina wamelibadili kwenye makaratasi, sasa ni Vinayakanagar, ndiyo maana kwenye simu yako hulioni. Endelea. Kutoka kwa ng'ombe."

Mlangoni sauti ya meneja ilisikika ikiuliza nesi yuko wapi. Sauti ya Verdiane ikajibu kwa Kiingereza, kubwa na yenye heshima ya uongo, kwamba mzee amechafua kitanda vibaya sana, na kama meneja anataka kusaidia aingie tu, glavu zipo. Nyayo zikaondoka haraka.

Mzee Nanjundaiah alikunja uso. "Amenisingizia."

"Samahani, Anko."

"Endelea, Sista!"

"Kutoka kwa ng'ombe, kichochoro cha pili kulia. Mlango wa kijani. Baraza la jiwe. Bibi alikuwa anatunga asumini."

"Mjane? Mfupi? Analalamika miguu?"

"Ndiyo!"

"Simjui," mzee alisema. "Lakini wajane watunga maua waliishi safu moja, nyuma ya kisima." Akachukua tableti yake, akampigia kwa video mjukuu wa dada yake, Vasudha, mwalimu wa chuo aliyekuwa anazunguka Mysuru na wenzake kwa tuktuk yenye mtungi wa oksijeni. Alizungumza naye Kikannada kwa kasi ya mtu anayeamuru treni. Jerusha hakuelewa ila majina. Kwa mara ya kwanza aliyasikiliza yale majina kama mtu anayetafuta kitu.

Vasudha hakukata. Aliiweka simu mfukoni mwa shati, kamera ikachungulia nje, na Jerusha akaona Mysuru ikipita bila watu. Maduka yalikuwa yamefungwa. Vizuizi vya polisi vilikuwa vimesimama njiani. Mbwa walilala katikati ya barabara ya Hunsur kama wameinunua. Kushoto. Njia ikabana. Hekalu lilipakwa rangi ya chungwa sasa, na Jerusha alipiga kelele, "Ndilo hilo! Wamelipaka tu!" Ng'ombe walikuwapo. Kisima kilikuwa kimefunikwa kwa zege. Mlango haukuwa wa kijani tena, na juu yake kulikuwa na mnyororo na kufuli.

Mnyororo ulikuwa nje. Mtu alikuwa amemfungia mwenzake ndani akaenda zake.

Vasudha alifoka. Watu walichungulia madirishani, vitambaa puani. Mwana wa Bibi Maua aliitwa, akaja akasimama mbali, akasema nyumba ni tupu, wageni wote walikwenda kwao. Kisha akasema yuko mmoja, lakini amekatazwa kutoka kwa faida ya mtaa. Faida ya mtaa! Ndivyo wasemavyo wote wanaofunga milango, wenye kufuli la shaba na wenye kufuli la sheria. Hakuna hata mmoja anayesema anaogopa. Wote wanalinda watu. Vasudha hakubishana naye sana. Alimwambia kwamba simu iko hewani, kwamba dada wa huyo mgonjwa anatazama kutoka Australia, na kwamba maiti ikitoka humo yeye ndiye atakayeibeba. Ufunguo ukarushwa hewani.

Chumba cha nyuma kilikuwa kimefungwa kwa ndani. Vasudha aligonga, akaita kwa Kiingereza, akaita kwa Kihindi. Mwenzake, aliyevaa suti nyeupe ya plastiki kuanzia kichwani, aligonga kwa ngumi. Kitu kilikokotwa sakafuni, kikaegemezwa mlangoni.

"Anaweka kitanda," Vasudha alisema. "Anatuogopa. Anadhani tumekuja kumtupa nje."

"Weka simu kwenye mlango," Jerusha alisema. "Iweke chini, penye ufa."

Akapiga magoti kwenye zulia la chumba cha mzee, yeye asiyejua kukaa, mdomo wake karibu na tableti.

"Hodi," alisema.

Akapandisha sauti.

"Hodi, Omollo! Hodi wenyewe! Ni dada yako, niko mlangoni!"

Ikasikika pumzi. Pumzi nyingine. Kisha sauti kama ya mzee kuliko mzee aliyekuwa chumbani mwa Seven Hills. "Siz? Umefikaje?"

"Fungua utaniuliza ndani. Ondoa hicho kitanda."

"Siwezi kusimama."

"Basi tambaa. Ulikuwa unatambaa vizuri sana Nakuru, ukila mchanga wa majirani. Tambaa, mdogo wangu."

Mzee Nanjundaiah alikuwa ameshika ukingo wa sinia kwa mikono miwili. Kitanda kilisikika kikisogea, kikasimama, kikasogea. Komeo likaanguka.

Walimvika oksijeni humohumo ndani ya tuktuk. Hospitali ya kwanza haikuwa na kitanda, na mlinzi aliwageuza kabla hawajashuka. Wakakata katikati ya mji. Jerusha aliona Saa Ndogo ikipita, kisha soko lililofungwa na maua makavu yamekanyagwa langoni, kisha kasri kwa mbali, limezimwa, kubwa bila sababu. "Kulia kwenye sanamu," mzee aliagiza, ingawa kule hakuna aliyemsikia. Kanisa la Pembe likatokea, likapita. Omollo alikuwa ameegemea bega la mtu mwenye suti nyeupe, na kila tuktuk iliporuka shimo, Jerusha aliruka nayo, amekwisha kuinuka tena, anazunguka chumba kutoka dirishani hadi mlangoni.

Baada ya kanisa, barabara ilipanuka. Zikaja ghorofa za vioo, matangazo ya viwanja, daraja la juu ambalo hakuwahi kuliona.

"Hapa ni wapi, Anko?"

Mzee aliinamisha kichwa kwenye kioo. "Wakati wangu palikuwa mashamba ya wimbi." Akafuta kioo kwa kiganja. "Sijui, Sista. Hapa sipajui."

"Na mimi wakati wangu hapakuwa na kitu."

Wote wawili wakabaki wanatazama mji uliokua nje ya miji yao. Tuktuk ilikata kona, ikakata nyingine. Ikasimama. Watu wa machela wakaja mbio, picha ikageuka mbingu, kisha dari, kisha giza la mfuko wa shati. Jerusha alisimama bila kupumua. Nje, Verdiane alikuwa akimwambia mtu kwamba bado kidogo, bado kidogo tu.

Uso wa Vasudha ulirudi, umelowa jasho chini ya barakoa. Kitanda kimepatikana, alisema. Oksijeni ipo. Daktari anasema amechelewa, lakini hajachelewa mno; usiku huu ndio utakaoamua. Ana fahamu, na ameuliza kama dada yake amebaki nje.

"Mwambie niko nje."

"Nitamwambia."

"Vasudha, subiri, usikate." Jerusha alivuta kalamu ya mfukoni, akakunja mkono wa sare yake hadi kwenye kiwiko. "Hapo mlipo. Jina la jengo, wodi, barabara, mtaa, kila kitu. Polepole. Anza na barabara."